Muulize Mjomba: Gitaa nililonunua halitoi ile sauti niliyoisikia

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni muuguzi hapa Lindi, nina miaka 34, mume na watoto wawili. Nakusoma kila wiki, na nilidhani siku nikikuandikia itakuwa kwa habari ya mirathi au mawifi kama wenzangu. Kumbe ni gitaa.

Mwaka jana nikiwa zamu ya usiku, wodi imetulia, mwenzangu alinionyesha video kwenye simu. Mzee amekaa kwenye kiti, mguu wa kushoto kauweka juu ya kijistuli, gitaa kalielekeza juu kidogo kama anayelipakata, hana spika wala waya wowote. Alipoanza kupiga nikauliza, "Mwenzake yuko wapi?" Maana mimi nilisikia watu wawili: mmoja anatembeza besi taratibu, mwingine ana sauti nyembamba inayotetemeka juu yake kama mvua ndogo kwenye bati. Mwenzangu akacheka, akasema yuko peke yake. Niliirudia ile video mpaka bando likaisha.

Si kwamba mimi ni mgeni wa nyuzi. Nimelelewa na kanda za taarabu za marehemu baba, udi naujua tangu sijaanza shule. Lakini hii ilinikaa rohoni.

Korosho za mama zilipolipwa, alinipa kidogo, nikaongezea zangu, nikamtuma binamu yangu aliyekuwa Dar akaninunulia gitaa Kariakoo kwa laki moja na themanini. Ni jeusi, linang'aa, lina nyuzi za chuma. Nilipomuuliza kama ndilo lile la yule mzee akaniambia, "Gitaa kavu ni gitaa kavu," yaani lisilo la umeme. Yeye hupiga kwenye kumbi za harusi, kwa hiyo nikamwamini. Amenifundisha kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za C, G7 na Am, na anataka nitumie piki, kile kijipande cha plastiki cha kupigia, nizichanganye nyuzi zote kwa mpigo. Nikimwambia nataka kupiga kwa vidole, ananijibu kwamba hayo ni ya watu waliofundishwa tangu wana miaka saba.

Huu ni mwezi wa nne. Vidole vya kushoto vimeota sugu na vinauma, juzi nilishindwa kuvunja shingo ya kichupa cha sindano nikamwomba mwenzangu. Tumepanga Mtanda, vyumba vinatazamana, na jirani mmoja aliuliza uani mbele ya watu kama kuna mtoto kapewa kopo lenye nyuzi. Tangu siku hiyo nafanya mazoezi siku za mapumziko tu, saa sita usiku, na nimesokomeza kitambaa chini ya nyuzi karibu na daraja, kile kibao kinachoshikilia nyuzi kwenye mwili wa gitaa, ili sauti isitoke. Mume wangu hana neno, ila ameshaniuliza mara mbili kama lile gitaa linaweza kuuzwa.

Jambo jingine, kazini kucha ndefu ni marufuku, na yule mzee nilimwona ana kucha mkono wa kulia. Na kuna mwalimu mstaafu, jirani wa mama kule Mingoyo, ana gitaa la zamani la nyuzi za plastiki. Vijana waliliazima wakalifunga nyuzi za chuma, sasa daraja limeanza kunyanyuka. Yuko tayari kuniachia kwa bei ya kutupa. Binamu anasema nisiguse bovu.

Mjomba, tatizo ni gitaa au ni mimi? Naweza kubadilisha nyuzi tu? Na kwa mtu aliye Lindi, bila mwalimu, nianzie wapi?

Muuguzi wa Zamu ya Usiku, Lindi

*

Marahaba, mpwa wangu.

Kabla hujafika mwisho wa jibu hili, nenda kakitoe kile kitambaa. Sababu nitakupa mbele, lakini kitoe kwanza.

Umeuliza kama tatizo ni gitaa au ni wewe. Kwa sehemu kubwa ni gitaa. Binamu yako hakukudanganya kwa kusudi. Kwa mpigaji wa harusi gitaa kavu ni gitaa kavu kweli, maana yeye anachotafuta ni mlio wa kuwainua watu vitini. Ila yule mzee wa kwenye simu ameshika chombo kingine, gitaa la klasiki. Tofauti yake na lako ni ile ya ngalawa na mtumbwi. Vyote vinaelea, lakini mtumbwi ukiupandishia tanga la ngalawa, unapinduka nao.

Gitaa la klasiki hufungwa nyuzi za nailoni. Tatu nyembamba ni nailoni tupu, na tatu za besi ni nyuzinyuzi za nailoni zilizoviringishiwa waya mwembamba. Hapo wengi hupotea dukani: wakiona zile tatu zinameta, wanadhani ni za chuma. Nyuzi zote sita za nailoni zikikazwa sawasawa huuvuta ubao kwa nguvu ya kilo 40 hivi. Za chuma huvuta kilo 70 na zaidi. Kwa hiyo lako limejengwa kama ghala, ubao wa mbele umeshikizwa kwa ndani na miti minene ili usipasuke. La klasiki ubao wake ni mwembamba, kwa ndani umeshikizwa na vijiti vyepesi vilivyotandazwa kama mbavu za kipepeo cha mkono, na ndiyo maana sauti ndogo ya kidole inatosha kuutikisa.

Shingo nazo hazifanani. Pima ya lako pale juu nyuzi zinapoanzia, nadhani utapata milimita 43 hivi. Ya klasiki ni 52. Milimita tisa ni kitu kidogo machoni, lakini vidole vinne vikitakiwa kusimama bega kwa bega bila kugusa uzi wa jirani, ni tofauti ya kulala wawili au wanne kitanda kimoja. Halafu uzi wako wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, una unene wa milimita 0.3, ni waya wa kukata sabuni ule. Wa nailoni ni 0.7. Hizo sugu umezitafuta kwa pesa yako mwenyewe.

Kulifunga nailoni hilo jeusi? Halitavunjika, lakini litasinzia. Mvuto mdogo wa nailoni hauwezi kuutikisa ubao mgumu namna ile, mifereji ya juu ni myembamba mno kwa nyuzi nene, na daraja lako ni la kuchomeka vipini, si la kufunga fundo. Usipoteze hela.

Kinyume chake ni balaa, na hapo mwalimu wenu wa Mingoyo ananikumbusha ujinga wangu. Nilipoacha dansi, baada ya miaka mingi ya kupiga rizimu, nilinunua gitaa la nailoni kwa mgeni aliyekuwa anafunga mizigo arudi kwao. Nikaona linanong'ona, nikalifunga chuma ili lipaze sauti. Wiki ya tatu, usiku, tumelala hapa Mikindani, tukasikia mlio kama mtu kapiga ngumi mlango wa bati. Mke wangu akasema wezi. Ilikuwa daraja. Limeng'oka, limekwenda na ubao mwembamba wa ukubwa wa kiganja. Nililia, na sisemi kwa mfano.

Basi la mwalimu halijafika huko, limenyanyuka tu. Mpigie simu leo azilegeze zile nyuzi za chuma, zote, asisubiri bei ikubaliwe. Halafu siku yako ya mapumziko nenda kalikague mwenyewe, mwache binamu nyumbani. Chukua karatasi nyembamba ujaribu kuipenyeza kati ya daraja na ubao. Ikiingia kwenye ukingo wa nyuma tu, seremala makini anaweza kulibandua daraja, akakwangua gundi ya zamani, akapaka ya mbao na kulibana kwa siku nzima. Msimamie. Akitaja msumari au skrubu, chukua gitaa lako uondoke. Kisha lichungulie kwa jicho moja kutoka kichwani kuelekea chini, kama seremala anavyochungulia ubao, uone shingo haikupinda. Hesabu vyuma vya shingoni, hizo freti, mpaka cha 12: kwenye la klasiki ndipo shingo inapokutana na mwili, wakati kwenye mengi ya nyuzi za chuma ni cha 14. Likishafungwa nyuzi za nailoni, pima pale pale nafasi kati ya uzi na chuma. Uzi wa kwanza uwe milimita 3, wa sita 4 au kidogo juu yake. Ikiwa 6, utakuwa umenunua maumivu yale yale kwa rangi nyingine. Nafasi ikizidi kidogo tu, kile kipande cheupe darajani huweza kukwanguliwa kwa chini kwa msasa. Kwanguo moja, pima, kwanguo lingine, pima. Kilichokwisha kukwanguliwa hakirudi.

Mgongo usiutazame sana. Najua watu wa kwetu, tunapenda mbao. Fundi wa Kihispania aliyelipatia gitaa la klasiki umbo tulilonalo leo, Antonio de Torres, mzaliwa wa Almería mwaka 1817, aliwahi kutengeneza gitaa mwaka 1862 lenye mgongo na mbavu za makaratasi yaliyogandishwa, kuonyesha kwamba sauti inatoka kwenye ubao wa mbele. Hata hivyo, kwa kujifariji sisi wa kusini, zile mbao nyekundu zinazosifiwa kwa mgongo wa magitaa ya bei mbaya, za Brazil na za India, ni ukoo mmoja na mpingo wetu. Mpingo wa misitu ya Kilwa na Nachingwea unakwenda Ulaya kuwa klarineti na obo, ala za kupuliza, na wako mafundi wanaoutia kwenye magitaa pia. Sisi tunachongea vinyago na kuuza gogo. Haya, tuliache hilo, nitaharibu siku yangu.

Nyuzi za nailoni zenyewe hazina umri mkubwa. Kabla ya Vita Kuu ya Pili wapigaji walitumia utumbo wa kondoo, vita ikaufanya utumbo uwe adimu, na ndipo Albert Augustine, fundi wa New York, akaanza katika miaka ya 1940 kutengeneza nyuzi za nailoni, huku mpigaji mashuhuri wa Kihispania, Andrés Segovia, akimhimiza. Nakwambia hayo kwa sababu siku uzi mwembamba utakatika na wa kununua hakuna karibu, shuka pwani kwa wauza zana za uvuvi uombe mshipi usio na msuko, wenye unene wa milimita 0.7 kwa uzi wa kwanza, 0.8 wa pili, au 1 wa tatu. Nimeufunga mara nyingi, unapiga vizuri tu. Kwa besi hapana, mshipi hauwezi. Agiza seti mbili Dar, moja ufunge, moja uweke. Na nyuzi mpya za nailoni zitakutesa siku nne au tano za kwanza, unatyuni zinashuka, unatyuni zinashuka. Zinanyooka tu, si ubovu.

Sasa tukae.

Kiti kisicho na mikono, ukalie ukingo. Mguu wa kushoto juu ya kigoda cha sentimita 12 hadi 15. Matofali mawili ya kuchoma yaliyolazwa yatakaribia hapo. (Usitumie mbuzi ya nazi kama nilivyomwona kijana mmoja akifanya, ile ina meno.) Kiuno cha gitaa kikae juu ya paja la kushoto, kichwa chake kiwe usawa wa macho yako. Mkono wa kushoto usilibebe gitaa hata kidogo. Kama ukiuachia linaanguka, umekaa vibaya.

Wiki mbili za mwanzo mkono wa kushoto upumzike mapajani. Piga nyuzi wazi kwa mkono wa kulia peke yake: gumba kwa nyuzi za besi tatu, shahada uzi wa tatu, kidole cha kati wa pili, cha pete wa kwanza. Vitabuni utaviona kwa herufi p, i, m, a, ni kifupi cha majina ya Kihispania ya vidole hivyo. Gumba, shahada, kati, pete, kisha rudi. Kidole kikishavuta uzi kiingie kuelekea kiganjani, kisiruke nje kama kinachomfukuza nzi. Wewe una saa ya kazini yenye mshale wa sekunde, na mapigo ya wagonjwa unayahesabu kila siku. Tumia hilo. Mapigo 60 kwa dakika, noti moja kwa kila pigo. Utaona ni polepole mpaka inachosha, na hapo ndipo wengi wanapokimbilia nyimbo na kurudi baada ya mwaka na mkono uliojikunja.

Ukiongeza mkono wa kushoto, jaribu hivi mara moja tu, hutasahau. Weka ncha ya kidole nyuma ya chuma, karibu nacho kabisa bila kukikalia. Usikandamize. Anza kupiga huo uzi kwa mkono wa kulia, huku kidole cha kushoto ukikiongezea uzito pole pole. Mwanzo utasikia tup, kisha dzzz, kisha ghafla sauti safi. Simama hapo. Hiyo ndiyo nguvu yote inayotakiwa, na nina hakika umekuwa ukitumia mara tatu yake. Ukitafuta mshipa kwenye mkono wa mtoto mchanga hukandamizi, si ndiyo? Unagusa, unausikia, basi. Kidole chako kinaijua kazi hii kuliko cha binamu yako.

Na hapa ndipo kitambaa kinapoingia. Umeziba nyuzi, kwa hiyo hujisikii. Kwa kuwa hujisikii, mkono wa kushoto unakandamiza zaidi ukidhani sauti imekosekana upande wake, na wa kulia unagusagusa kwa woga. Umeufundisha kila mkono kinyume cha kazi yake, saa sita usiku, ukiwa umetoka kwenye zamu zilizokwisha kuvuruga usingizi. Sugu zimetoka kwenye chuma, lakini nusu ya maumivu, mpwa wangu, imetoka uani, kwenye lile neno la kopo.

Kwa hiyo badili saa. Siku unazoingia usiku, piga saa kumi jioni kabla ya kujiandaa, dakika 20, mlango wazi. Gitaa hili halimwamshi mtu. Ni sauti ndogo kuliko redio ya jirani yako, na yeye hajawahi kukuomba radhi kwa redio. Atasema neno wiki ya kwanza. Wiki ya tatu atakuwa ameshazoea, na usishangae watoto wake wakija kukaa kizingitini. Ncha za vidole kuwasha kidogo ni kawaida. Maumivu ya kifundo cha mkono, ganzi, au mkono kuwaka hadi kwenye kiwiko, hayo unaweka gitaa chini siku hiyo hiyo, na wewe huhitaji mimi nikueleze sababu.

Binamu yako usimdharau. Amekufundisha C na G7 bila kujua alichokupa. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mwitaliano Mauro Giuliani aliandika mazoezi 120 ya mkono wa kulia, na yote yanazunguka kodi hizo mbili tu, C na G7. Mkono wa kushoto unabadili mikao miwili mchana kutwa, wa kulia ndio unaosoma. Anza na la kwanza, usifike la kumi kabla ya miezi miwili. Giuliani, Carcassi, Carulli, Sor, hawa watunzi wa gitaa wamekufa zaidi ya miaka 150 iliyopita, kazi zao hazina mwenyewe tena, unazipakua bure kwenye simu na kuzichapisha stesheneri yoyote. Chapisha. Kusoma nota kwenye kioo cha simu ni kujitafutia miwani.

Nota zenyewe usiziogope. Gitaa linatumia mistari mitano na ufunguo mmoja tu, wakati mpiga kinanda anabeba mbili. Anza na nyuzi tatu nyembamba zikiwa wazi, ambazo ni G, B na E, uzitambue kwa macho kabla ya kuongeza nyingine. Ukiwa na mwenzako wa kazini aliye kwaya, atakuja kukusaidia kwa do re mi, na hapo mjihadhari: do ya kwaya zetu huhama kufuatana na wimbo, wakati do ya vitabu vya Kihispania, Kiitaliano na Kifaransa haihami, ni C siku zote. Nimewaona wawili wakigombana jioni nzima kwa hilo, na wote wako sahihi. Zile namba juu ya mistari sita utakazokuta mtandaoni si haramu, Wahispania wamekuwa wakichapa muziki kwa namba tangu 1536. Ubaya wa hizi za bure ni kwamba nyingi zinakuambia uguse wapi, hazikuambii kwa muda gani.

Kucha. Ugomvi huu ni wa zamani kuliko babu yako. Fernando Sor alipiga kwa nyama ya kidole, bila kucha. Rafiki yake Dionisio Aguado alipiga kwa kucha. Walikuwa Paris pamoja, wakapiga pamoja jukwaani, na hakuna aliyemgeuza mwenzake kabisa. Francisco Tárrega, ambaye wapigaji wa leo humhesabu kama babu yao, miaka yake ya mwisho aliacha kucha. Nyama inatoa sauti nene, ya chini kidogo, inayofaa nyumba ya kupanga. Kata kucha zako kama kazi inavyotaka, mikono yote miwili, na usiniulize tena kabla ya miaka mitatu.

Kuhusu umri na ile miaka saba ya binamu. Ulichokisikia, ile sauti inayotetemeka, ni gumba linalopiga besi kisha pete, kati na shahada vinaupiga uzi mmoja kwa zamu, haraka, sikio linaunganisha. Ndiyo maana ulimtafuta mtu wa pili. Aliyefundishwa utotoni ataufikia mchezo huo mapema na kwa urahisi, sitakuficha. Wewe ukipiga dakika 20 siku tano kwa wiki, baada ya miezi mitatu utakuwa na kipande kimoja kidogo cha mistari minne, safi, kinachosikika kama muziki. Baada ya mwaka, vitano au sita. Ule mtetemo ni wa miaka kadhaa mbele. Mimi nilianza nikiwa na miaka 47 na vidole vilivyozoea piki, na bado mtetemo wangu unachechemea.

Mwalimu ndilo gumu. Huku kusini waalimu wa aina hii sijawaona wa kukuelekeza mlangoni kwao. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo wanafundisha muziki, na Zanzibar kuna chuo cha muziki cha nchi za jahazi, pale Mji Mkongwe. Ukipata likizo, andika kabla uulize kama wana mtu wa klasiki anayeweza kukutazama hata saa mbili tatu. Saa mbili za mtu anayekushika kifundo cha mkono akakigeuza, zinaokoa mwaka. Nje ya hapo, chagua mwalimu mmoja tu wa kwenye simu anayeanza na ukaaji na mkono wa kulia, ukae naye miezi sita bila kurukaruka. Kila Jumapili jirekodi dakika moja, uegemeze simu kwenye chupa ya maji, halafu usiifute. Segovia alijifundisha mwenyewe kwa sehemu kubwa, na kila asiyetaka mwalimu humtaja. Mimi humtaja pia, nikishachoka kufundisha.

Hewa yetu ya bahari nayo ni adui. Gitaa likae ndani ya begi, mbali na ukuta unaotoa chumvi, mbali na sakafu, na kamwe si juu ya kabati chini ya bati. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye makopo ya dawa hutupwa kila siku, omba ruhusa uvitie begini. Kila ukimaliza pangusa nyuzi za besi kwa kitambaa kikavu. Kumbe unacho tayari, kile cha chini ya nyuzi.

Jeusi liuze, mume wako atafurahi. Anza na binamu, atalinunua, nimeona anavyolisifia. Na siku ukilichukua la mwalimu kulileta Mtwara kwa fundi wangu wa daraja, ukipanda basi Mingoyo usikubali konda alitie kwenye buti pamoja na magunia. Joto la mle linalainisha gundi, na wewe unalileta kwa sababu ya gundi. Lipakate mapajani mpaka Mikindani, ushukie hapo, nitakuwa kituoni.

Mjomba